Vim au Emacs ikigoma kufungua faili lililosimbwa: pitia hapa kabla hujasevu chochote

Kabla ya yote likopi hilo faili. `cp mahesabu.gpg mahesabu.gpg.kopi`, alafu ndo uendelee kusoma. Nasema hivi kwa sababu usimbaji wenyewe ni nadra sana kuharibika, kinachowaumiza watu ni ile `:w` (komandi ya Vim ya kusevu) mtu anayopiga huku skrini imejaa takataka, anajiambia labda nikisevu itajirekebisha. Haijirekebishi. Inasevu takataka.

Alafu jua kwamba hapo kuna programu tatu, sio moja. Kuna edita yako, yaani Vim au Emacs unayoandikia, kuna gpg inayofanya kazi yenyewe ya kusimba na kusimbua, na kuna gpg-agent pamoja na kile kidirisha chake cha kuulizia paswedi kinachoitwa pinentry. Edita ndo inayoonekana kwa hiyo ndo inatupiwa lawama zote, wakati mara nyingi mwenye kosa ni wa pili au wa tatu. Kwa hiyo jaribu nje ya edita kwanza, kila mara:

```
gpg -d mahesabu.gpg
```

Ikifunguka hapo terminalini, basi shida iko kwenye mipangilio ya edita au plagini. Isipofunguka, achana kabisa na `.vimrc` yako (faili la mipangilio ya Vim), hata uipange vipi haitasaidia kitu.

Limefunguka likiwa takataka na hakuna aliyekuuliza paswedi

Usibahatishe, liulize faili lenyewe ni la aina gani:

```
head -c 12 nyaraka.txt
file nyaraka.txt
```

Ukiona `VimCrypt~01!` au 02 au 03 na kuendelea, hilo limesimbwa na Vim yenyewe kwa ile komandi ya `:X`, gpg haihusiki na hata ukiipa paswedi sahihi haitaweza kulifungua. Ile namba inakwambia njia iliyotumika: 01 ni zip, 02 ni blowfish, 03 ni blowfish2, 04 na 05 ni xchacha20 za matoleo mawili. Sasa kama ni la Vim na hujaulizwa paswedi, mtuhumiwa wa kwanza ni Neovim, edita nyingine iliyotokana na Vim. Neovim waliuondoa usimbaji wa `:X` moja kwa moja, kwa hiyo inakuonyesha baiti zilivyo na haina habari, na siku hizi watu wengi wameweka `alias vim=nvim` zamani wakasahau. Toka kwa `:q!` (kutoka bila kusevu), usisevu, tafuta Vim halisi.

Na Vim halisi nazo hazifanani. Piga hii:

```
vim --version | grep -oE '[+-](cryptv|sodium)'
```

Ikitoka `-cryptv` hiyo Vim haikujengwa na usimbaji kabisa. Ikitoka `-sodium` mafaili ya 01 mpaka 03 yatafunguka ila ya 04 na 05 hapana. Ndo maana faili ulilosimba kwenye laptopu mpya linakataa kwenye seva ya zamani, maana xchacha20 imeingia Vim 8.2 mwaka 2021 tu, tena iliingizwa na onyo kwamba ni ya majaribio na faili linaweza kuhitaji toleo lile lile la Vim kusomeka. Mimi kitu chenye onyo la namna hiyo siwezi kuwekea mahesabu ya watu.

Kama `file` imejibu PGP au GPG, hapo ni la gpg na edita yako haijajua kwamba inatakiwa kuita gpg. Kwenye Vim maana yake plagini ya vim-gnupg haijapakiwa, andika `:scriptnames` utafute `gnupg.vim` kwenye orodha, isipokuwepo umeshapata jibu. Ikiwepo, angalia jina la faili: plagini inatazama mwisho wa jina, yaani `.gpg`, `.pgp` au `.asc`, ukiliita `siri.txt` inalipita tu. Kwenye Emacs hakuna cha kuinstoli, EasyPG, kiungo chake cha gpg, imo ndani tangu Emacs 23, ila yenyewe inajishughulisha na `.gpg` peke yake. Faili la `.asc` utaliona na ile mistari ya `-----BEGIN PGP MESSAGE-----` kama lilivyo, chagua hilo bloku lote alafu `M-x epa-decrypt-region` (`M-x` ni Alt na x, kisha andika jina la komandi). Kama hata `.gpg` inakuja mbichi, `M-x epa-file-enable` alafu lifungue upya.

Umeulizwa, umejibu, na bado ni takataka

Kwa mafaili ya `:X` hii ndo sehemu ya hatari kuliko zote, isome taratibu. zip, blowfish na blowfish2 hazina namna ya kujua kama paswedi uliyoweka ni sahihi. Vim inachukua chochote ulichoandika, inasimbua nacho, inakuonyesha kilichotoka, haikwambii "umekosea". Kidole kikiteleza kwenye herufi moja tu unapata ukurasa wa alama za ajabu, na ukisevu hapo umesimba takataka kwa paswedi ya makosa ambayo hata wewe mwenyewe huijui. Hapo ndo utaikumbuka ile kopi. Ukiona takataka ni `:q!`, fungua tena, andika polepole. xchacha20 yenyewe inakagua, ukikosea inagoma kusoma, hilo ni zuri lake.

Kuna na hili linawapiga chenga wengi: umeweka `set cryptmethod=blowfish2` kwenye `.vimrc`, umefungua faili lako la miaka mingi, umesevu, ukipiga `head` bado inasoma `VimCrypt~01!`. Sio bagi. Vim ikisoma faili lililosimbwa inachukua njia ile ile iliyoikuta na kuendelea nayo, kwa hiyo faili la zip litabaki zip milele mpaka uibadilishe ukiwa ndani: `:setlocal cm=blowfish2`, alafu `:w`. Na ibadilishe kweli, maana zip ni dhaifu na nyaraka za Vim zenyewe zinasema hivyo, na ile blowfish ya 02 ina kasoro ya utengenezaji, ndo sababu ikaletwa blowfish2.

Kwa gpg ujumbe unakuwa tofauti. Faili lililosimbwa kwa paswedi peke yake bila ufunguo, ukikosea paswedi, linasema:

```
gpg: decryption failed: Bad session key
```

Unaapa kwamba paswedi ni yenyewe? Sawa, angalia Caps Lock, angalia kama kibodi haijahamia mpangilio wa lugha nyingine, angalia kama ulipoipesti imekuja na nafasi mwishoni. Pinentry haikuonyeshi unachoandika kwa hiyo huwezi kujua. Ujanja ni kuiandika kwanza sehemu inayoonekana, kwenye edita tupu isiyosevu, uone kweli inatoka unavyodhani.

Ukiambiwa `no valid OpenPGP data found` hilo ni suala lingine kabisa, faili limeumizwa njiani. Mtu amelipesti kwenye noti za simu, simu ikageuza vile vistari vitano vya mwanzo kuwa mstari mrefu mmoja. Au mko Windows na mtu amepiga `gpg -o - -c faili > faili.gpg` kwenye ile PowerShell 5.1 inayokuja na Windows, ambayo ile alama ya `>` inageuza kila kitu kuwa UTF-16, hapo faili limekufa tangu dakika ya kuzaliwa, tumia `-o faili.gpg` badala yake. Au ni Git imechezea miisho ya mistari, dawa ni mstari mmoja kwenye `.gitattributes`: `*.gpg binary`. Kwa hizi zote usipoteze muda kutengeneza lililoharibika, omba litumwe upya likiwa faili, sio maandishi ya kupesti.

Inappropriate ioctl for device

Ujumbe unaotisha kuliko wote na dawa yake ni fupi kuliko zote. Pinentry ya terminalini inataka kujua ijitokeze kwenye terminali gani na hakuna aliyeiambia. Weka hii kwenye `.bashrc` au `.zshrc`:

```
export GPG_TTY=$(tty)
```

Fungua terminali mpya, jaribu tena, imeisha. Sharti ni uiweke hapo hapo na sio kwenye `.profile`, kwa sababu `.profile` haisomwi kila unapofungua terminali, na terminali inaweza kubaki na jina la terminali nyingine, unabonyeza kufungua faili, Vim inaganda, unasubiri, kumbe swali la paswedi limetokea sehemu nyingine usiyoiangalia.

Kisa kinachofanana na hicho: umeacha kompyuta imewaka ofisini, uko nyumbani unaingia kwa SSH (kwa mbali, kupitia terminali), unaunganisha tmux (programu inayotunza terminali zako zikiendelea hata ukitoka) uliyoianzisha mchana ukiwa mbele ya skrini, unafungua `.gpg`, kimya. Kidirisha cha paswedi kimetokea kwenye skrini ya ofisini, kinamsubiri mlinzi. Hapo lazimisha pinentry ya maandishi. Debian na Ubuntu ni `sudo update-alternatives --config pinentry` uchague ya curses (ndo hiyo ya maandishi), kwingine andika njia yake kamili kwenye `~/.gnupg/gpg-agent.conf` baada ya neno `pinentry-program`, alafu `gpgconf --kill gpg-agent` ili isome upya. Ile curses ikimaliza huwa inaiacha Vim imevurugika, mistari imepandana, bonyeza Ctrl-L inajichora upya, faili halina shida.

Emacs ya madirisha uliyoifungua kwa kubofya ikoni haina terminali hata moja, kwa hiyo pinentry ya curses haiwezi kutokea popote. Yenyewe iambie iulize paswedi chini pale pale:

```
(setq epg-pinentry-mode 'loopback)
```

Emacs 26 na za nyuma jina lilikuwa `epa-pinentry-mode`, ukiwa na Emacs hizo ukaweka jina jipya ndo inaonekana haifanyi kitu. Ujue tu kwamba kwa njia hii paswedi inapita mikononi mwa Emacs yenyewe, kwenye laptopu yangu sina wasiwasi, kwenye seva ya watu wengi nisingeiweka. Watumiaji wa Mac mkiambiwa gpg haipo wakati terminalini ipo, ni kwa sababu Emacs ya ikoni haisomi PATH ya shell yako (orodha ya folda zinakotafutwa programu), mpe njia kamili kwenye `epg-gpg-program`.

No secret key

Ujumbe huu ni wa mafaili yaliyosimbwa kwa ufunguo wa gpg, sio kwa paswedi peke yake. Kwanza: uliandika `sudo vim mahesabu.gpg`? Hapo anayefungua ni root, yaani msimamizi wa mfumo, na root ana folda yake ya funguo ambayo haina ufunguo wako. Ondoa sudo. Kama faili lenyewe ni la root, lirudishe kwako kwa `chown`. Na ukishafanya mchezo huo wa sudo, angalia kama `~/.gnupg` yako haijabaki na vitu vya root ndani, maana baada ya hapo gpg inaanza kulalamika ruhusa za folda:

```
sudo chown -R $(whoami) ~/.gnupg
chmod 700 ~/.gnupg
```

Kama hukutumia sudo, linganisha. `gpg --list-packets mahesabu.gpg` itakwambia faili limesimbiwa ufunguo namba gani, alafu `gpg -K --keyid-format long` itakuonyesha ulizonazo. Hapa watu wanapotea: wanatafuta ile namba kwenye mstari wa `sec`, hawaioni, wanahitimisha ufunguo haupo. Angalia mistari ya `ssb`. Faili linasimbiwa ufunguo mdogo, sio ule mkuu, kwa hiyo namba utakayoikuta kwenye faili ni ya `ssb`. Kama kweli haipo hata hapo, basi iko kwenye mashine ya zamani, nenda kaitoe kwa `gpg --export-secret-keys -a`, iingize huku kwa `gpg --import`, na kile kifaili cha katikati usikipitishe kwenye baruapepe. Na kama ile mashine ya zamani uliiuza na kopi huna, hakuna plagini itakayokusaidia, ndivyo kitu kilivyotengenezwa.

Kusoma kunasoma, kusevu ndo kunagoma

Ufunguo ukiisha muda unaendelea kusimbua vizuri tu, ila hausimbi tena. Kwa hiyo unafungua, unahariri, unasevu, `Unusable public key`. Wengi wanaongeza muda wa ufunguo mkuu wakasahau midogo, na tumeshaona kwamba mdogo ndo unaofanya kazi. Ongeza vyote. Ya kwanza ni alama ya kidole (fingerprint, namba ndefu inayoutambulisha ufunguo) ya ufunguo mkuu, ya pili ni ya mdogo, zote unaziona kwa `gpg -K --with-subkey-fingerprint`. Usiweke `'*'` badala ya ya pili, inaruka midogo iliyokwisha muda:

```
gpg --quick-set-expire ALAMA_YA_KIDOLE 2y
gpg --quick-set-expire ALAMA_YA_KIDOLE 2y ALAMA_YA_MDOGO
```

Ujumbe huo huo unakuja pia ukisimbia faili mtu mwingine ambaye ufunguo wake hujauthibitisha. Terminalini gpg ingekuuliza una uhakika, ukajibu y, ila ndani ya edita hakuna wa kuulizwa kwa hiyo inakataa moja kwa moja. Hakiki alama ya kidole na mwenyewe kwa simu, alafu `gpg --lsign-key`.

Emacs ina lake. Ukisevu faili jipya la `.gpg` inatokea orodha ya funguo na maneno yanayosema usipochagua yeyote itasimba kwa paswedi. Mtu anaweka mshale kwenye jina lake, anabonyeza OK, anashangaa anaulizwa paswedi mara mbili. Kuweka mshale sio kuchagua, bonyeza `m` kwanza utie alama. Au maliza ubishi kwa kuandika kwenye mstari wa kwanza wa faili:

```
-*- epa-file-encrypt-to: ("mimi@mfano.org") -*-
```

Na kama Emacs inaganda kabisa ukisevu, haisemi kitu, mpaka uikate kwa `C-g`, angalia `gpg --version`. Kuanzia GnuPG 2.4.1 kulikuwa na kutoelewana kati yake na Emacs. Dawa ya kweli ni kuapdeti zote mbili, ya muda ambayo watu wengi wametumia ni `(fset 'epg-wait-for-status 'ignore)` kwenye mipangilio.

Wale wa `:%!gpg`

Najua mpo. Bila plagini, unapitisha maandishi yote kwenye gpg na kurudisha. Inafanya kazi, ila ina mitego yake. Ukisimbua unakuta juu ya maandishi yako kuna mstari kama `gpg: encrypted with 1 passphrase`, hiyo ni kwa sababu Vim inachanganya ujumbe wa makosa na matokeo, ufute kabla hujasevu. Ukikosea paswedi maandishi yote yanapotea na kubaki malalamiko ya gpg, bonyeza `u`, yanarudi. Na ukisimba kwa `:%!gpg -c` bila herufi `a` umeumia, kwa sababu gpg inatoa baiti mbichi na Vim inazichukulia kama maandishi, inaweza kuzigeuza ikizihifadhi, kesho yake faili halisomeki. Iwe `:%!gpg -ca` siku zote. Kwa maoni yangu instoli tu vim-gnupg, yenyewe inazima na `.swp` (faili la muda ambalo Vim inahifadhia unachoandika) na historia za faili hilo bila kukumbushwa.

Limefunguka bila kuuliza paswedi, nimedukuliwa?

Hapana. gpg-agent inakumbuka paswedi kwa sekunde 600 tangu uitumie mara ya mwisho, na isizidi 7200 hata kama unaitumia mfululizo. Punguza kwa `default-cache-ttl` kwenye `gpg-agent.conf`, au isahaulishe sasa hivi kwa `gpgconf --reload gpg-agent`.

sops au ansible-vault inafungua edita alafu haisevu kitu

Hizi ni zana za kusimba mafaili ya siri za mipangilio. Zinasimbua kwenye faili la muda, zinaita `$EDITOR` (edita uliyoichagua), zinasubiri ifungwe, zinasimba upya. VS Code inarudisha jibu papo hapo kabla hujaandika hata herufi, kwa hiyo sops inasema `File has not changed, exiting.` na faili la muda linafutwa huku wewe bado unaandika. `export EDITOR="code --wait"`, na Sublime ni `subl -w`.

Limesimbwa vizuri ila maandishi wazi yapo kila kona

Hii haitoi ujumbe wowote wa kosa ndo maana haitafutwi. Ile `:X` kwanza haisimbi, inaweka ufunguo tu, usimbaji unafanyika ukisevu. Mtu anapiga `:X`, anaandika paswedi mara mbili, anatoka kwa `:q`, na kwa vile hakubadilisha maandishi Vim inaweza kumwachia aende zake, faili limebaki wazi. Ni `:X` alafu `:w`, na baada ya hapo `head -c 12` uone kwa macho yako.

Alafu yote uliyoandika kabla ya `:X` yanaweza kuwa yameshaingia kwenye `.swp`, na umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani hiyo `.swp` inabaki hapo hapo kwenye folda. Kama una `backup` imewashwa, bakapu ya kwanza yenye `~` mwishoni ni ya faili kabla halijasimbwa. Na `~/.viminfo` inatunza ulichokopi na ulichotafuta, haijali faili lilitoka wapi. Kabla ya kuanza faili la siri kwa `:X`:

```
:set noswapfile nobackup nowritebackup noundofile viminfo=
```

Kwa yaliyokwisha kutokea, chukua neno moja la ajabu lililomo kwenye faili lako, ambalo huwezi kuwa umeliandika kwingine, ulitafute. Tanguliza nafasi moja kabla ya komandi ili isiingie kwenye historia ya bash, kama historia yako imepangwa hivyo:

```
 grep -la NENO ~/.viminfo ~/.vim/undo/* *~ .*.sw?
```

Badilisha `~/.vim/undo` iwe folda unayotumia wewe. Faili lolote likitajwa hapo lifute, ila kwenye SSD usiitegemee `shred` (komandi ya kufuta kwa kuandika juu yake), diski inaandika sehemu mpya na kuacha ya zamani ilipo, kwa hiyo kama yaliyokuwemo ni paswedi zibadilishe zote huko zinakotumika.